Kwa Nini Hedifoni Zilikataa Kushika? Historia ya Sauti ya Gemu Majumbani



Wiki chache kabla ya mitihani ya taifa, nyumbani kwetu kulizuka mzozo ambao bila shaka wengi wenu mnaufahamu. Kijana wetu alikuwa akicheza gemu ya mpira kwenye televisheni ya sebuleni baada ya Isha. Dada yake, mtahiniwa wa kidato cha nne, alikuwa mezani hatua nne kutoka hapo, ameziba masikio kwa vidole huku akikariri jedwali la elementi. Bibi yao alikuwa amelala chumba cha pili, na usingizi wa bibi ni mwepesi kama wa paka. Kila goli lilipofungwa, mtangazaji wa gemu alipiga mayowe, umati ukavuma, bibi akakohoa, na binti akafunga daftari kwa hasira.

Tukaona dawa ni moja: kijana anunuliwe hedifoni, yaani vile vipokea sauti vya kuvaa masikioni, na ziwe zisizo na waya ili asijikwae yeye wala asimwangushe mtu. Muuzaji alituambia, "Hizi mzee zinashika kila kitu." Tukalipa kwa pesa ambazo kwa hakika zilikuwa zimetengwa kwa jambo jingine. Zikashika simu ya baba, zikashika simu ya mama, zikashika hata kompyuta ya jirani. Mashine ya gemu ikakataa katakata. Kijana alihangaika nazo hadi saa tano usiku, na kesho yake tulipozirudisha dukani tukaambiwa kuwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Tuliamini tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Baadaye ndipo tulipofahamu kwamba hedifoni zilikuwa nzima, na mashine pia ilikuwa nzima. Tulichokosa sisi ni kuijua historia. Kukataa kule kulikuwa na sababu, na sababu hiyo ilianza miaka mingi kabla kijana wetu hajazaliwa. Katika makala hii tutajaribu kuieleza kwa ufupi, ili mzazi mwingine asipoteze pesa kama tulivyokaribia kupoteza sisi.

MASHINE YA KWANZA ILIKUWA BUBU

Mashine ya kwanza ya gemu kuuzwa kwa ajili ya nyumbani haikuwa na sauti kabisa. Nayo ni Magnavox Odyssey, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1972, kutokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer. Ilifungwa kwenye televisheni na ikaonyesha vidoa vyeupe tu juu ya kioo cheusi. Familia ilibandika karatasi angavu ya plastiki juu ya kioo ili paonekane kama uwanja wa tenisi, na pointi walizihesabu wenyewe kwa mdomo. Kelele pekee iliyosikika ilikuwa ya wachezaji.

Mwaka huohuo kampuni ya Atari ilitoa Pong, mashine ya kuchezea kwenye kumbi za starehe. Mhandisi wake, Allan Alcorn, aliambiwa na mkubwa wake Nolan Bushnell aweke sauti ya umati unaoshangilia. Alcorn hakuwa na vifaa vya kufanya hivyo. Akapekuapekua ndani ya saketi aliyokwisha kuiunda, akakuta milio iliyokuwamo tayari, akaiunganisha na spika. Ule mlio mfupi wa mpira kugonga kibao, ambao dunia nzima iliuzoea, ulipatikana namna hiyo.

Mwaka 1975 Pong ikaingia majumbani, na mwaka 1977 ikafuata Atari 2600, ambayo sauti yake ilipitia kwenye spika ya televisheni. Hapo ndipo lilipoanza tatizo letu la sebuleni. Televisheni ilikuwa moja, spika yake moja, na chumba kimoja. Anayecheza ni mmoja au wawili, lakini wanaosikia ni nyumba nzima.

Kampuni ya Sega iliona tatizo hilo mapema. Mashine yake ya Mega Drive, iliyotoka Japani mwaka 1988, ilikuwa na tundu la hedifoni kwa mbele, pamoja na kitufe cha kusogeza cha kuongeza na kupunguza sauti. Katika toleo lile la mwanzo, sauti iliyokwenda kwenye televisheni ilikuwa ya mkondo mmoja, na sauti ya pande mbili, kulia na kushoto, ilipatikana kwenye tundu la hedifoni tu. Aliyetaka kuisikia gemu vizuri ilimlazimu akae karibu na mashine, amefungwa na waya kama mbuzi kwenye kigingi.

HEDIFONI ZILIZOTOKA JIKONI

Hedifoni zenyewe ni za zamani kuliko televisheni. Mwaka 1910 Bwana Nathaniel Baldwin wa jimbo la Utah, Marekani, alitengeneza hedifoni zake nyumbani, jikoni, akazipeleka kwa Jeshi la Majini. Wanamaji walizijaribu, wakaona zinasikika vizuri kuliko walizokuwa nazo, wakaagiza zaidi. Katika zama zile hedifoni zilikuwa chombo cha kazi. Zilivaliwa na mpokea simu, na mwanamaji anayesikiliza ishara za redio kutoka mbali.

Ilipofika mwaka 1958, John Koss wa Milwaukee alileta hedifoni za kusikilizia muziki wa pande mbili, na chombo cha kazi kikawa chombo cha burudani. Kisha mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ikatoa Walkman, kicheza kaseti kidogo cha kutembea nacho, na tangu hapo mtu aliweza kuwa katikati ya umati huku akisikia kitu ambacho hakuna mwingine anayekisikia.

Hapa kuna jambo ambalo tungependa kila mzazi alijue. Walkman ile ya kwanza haikuwa na tundu moja la hedifoni. Ilikuwa na matundu mawili. Akio Morita, mmoja wa waasisi wa Sony, alieleza katika kumbukumbu zake kwamba aliipeleka nyumbani kuijaribu, akaona mkewe ameudhika kwa kuachwa nje. Akaona si adabu mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenzake. Akaagiza liongezwe tundu la pili, na pia kitufe ambacho kikibonyezwa kinapunguza muziki na kuwawezesha wasikilizaji wawili kusemezana kupitia kipaza sauti kidogo bila kuvua hedifoni.

Wanunuzi hawakuvijali sana vitu hivyo. Kila mtu alitaka yake. Katika matoleo ya baadaye kitufe kikaondolewa, na tundu la pili nalo likatoweka. Tulibakize hilo akilini, tutalirudia mwishoni.

KUTOKA KWENYE TORPEDO HADI BLUETOOTH

Sasa tuingie kwenye swali la waya. Watu walitaka kuuondoa tangu zamani. Katika miaka ya 1970 zilianza kuuzwa hedifoni zinazotumia mwanga usioonekana, wa aina ileile inayotumiwa na rimoti ya televisheni. Zilifanya kazi, lakini mtu akikatiza mbele yako akiwa na sinia la chai, sauti inakatika. Waliotumia mawimbi ya redio nao walikuwa na taabu yao: mawimbi yaligongana na ya jirani, yakaingiliwa na mikwaruzo.

Dawa ya kugongana huko ilikwisha kufikiriwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1942 Hedy Lamarr, mwigizaji wa sinema mzaliwa wa Vienna, pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil, walipewa hataza nchini Marekani kwa mbinu ya kuongoza torpedo kwa redio bila adui kuweza kuivuruga. Siri yake ni kwamba mtumaji na mpokeaji wanaruka pamoja kutoka masafa moja hadi mengine kwa mpangilio wanaoujua wao wawili tu. Mpango wao ulitaja masafa 88, sawa na idadi ya vibonyezo vya piano. Wapo wengine waliokuwa wamegusia wazo la kurukaruka kabla yao, na Jeshi la Majini halikuitumia mbinu yao katika vita ile. Lakini wazo lenyewe halikufa.

Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikaruhusu watu kutumia baadhi ya masafa kwa njia za namna hii bila kuomba leseni. Miongoni mwake ni yale ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo yanayotumiwa na oveni za maikrowevu. Yalionekana kama masafa yasiyo na thamani. Leo Wi-Fi ya nyumbani kwako, hedifoni zako na pedi ya mwanao, yaani kile kishikio cha kuchezea, vyote kwa kawaida vinabanana humohumo. Ndiyo maana oveni ikiwashwa, wakati mwingine sauti hukatikakatika.

Mwaka 1994, katika mji wa Lund nchini Sweden, wahandisi wa kampuni ya simu ya Ericsson walianza kutengeneza redio ndogo ya umbali mfupi. Lengo lao lilikuwa dogo tu: kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Katika kazi hiyo majina yanayotajwa zaidi ni Jaap Haartsen na Sven Mattisson. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba zikaunda umoja wa kusimamia teknolojia hiyo, na ikaitwa Bluetooth, kwa jina la mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, aliyepewa lakabu ya "jino la bluu" na anayesifiwa kwa kuunganisha makabila. Alama yake unayoiona kwenye simu ni herufi mbili za kale za watu wa Skandinavia, H na B, zilizounganishwa.

Bluetooth ile ilifanya yaleyale ya akina Lamarr. Ilirukaruka mara 1,600 kwa sekunde kati ya njia 79. Ndiyo maana hedifoni kumi zinaweza kuwaka ndani ya basi moja na kila mtu akasikia chake.

MLANGO WA MAONGEZI NA MLANGO WA MUZIKI

Tumefika mahali ambapo siri ya hedifoni zetu imefichika. Kama tulivyotangulia kusema, Bluetooth ilizaliwa kwenye kampuni ya simu. Mlango wake wa kwanza wa sauti ulikuwa wa maongezi: sauti inakwenda na kurudi, haicheleweshwi sana, lakini ni nyembamba, kama ya simu. Mlango wa pili, wa muziki, ulikuja baadaye, mwaka 2003. Huu unapeleka sauti nzuri ya pande mbili, lakini unakwenda upande mmoja tu, hauna kipaza sauti, na una tabia ya kuweka akiba.

Nini maana ya kuweka akiba? Mfano wake ni pipa la maji nyumbani. Maji ya bomba hukatikakatika, basi mama hujaza pipa kwanza, kisha watu wanachota kwenye pipa na hawajui kama bomba limekatika. Hedifoni nazo hufanya hivyo. Sauti inabanwa ili ipite kwenye njia nyembamba, inatumwa, inafunguliwa, inawekwa akiba kidogo, kisha ndipo inapigwa masikioni. Kazi yote hiyo aghlabu huchukua baina ya milisekunde 100 na 300, yaani kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu tatu za kumi za sekunde.

Kwa muziki hilo si neno. Wimbo ukianza nusu sekunde baadaye, nani atajua? Hata ukitazama filamu haina taabu, kwa kuwa simu inaweza kuichelewesha picha kidogo ili midomo na maneno vilingane. Filamu imekwisha kurekodiwa, haijali ikisubirishwa.

Gemu haiwezi kusubirishwa. Picha ya gemu inaujibu mkono. Kijana akibonyeza kitufe, mchezaji apige mpira saa ileile. Ukiichelewesha picha ili ilingane na sauti, umeuchelewesha mkono wake, na gemu imeharibika. Gemu nyingi huonyesha picha 60 kwa sekunde moja. Sauti ikichelewa kwa milisekunde 200, maana yake picha 12 zimeshapita. Mpira uko wavuni, kipa ameshaanguka, ndipo teke linasikika.

MAKAMPUNI YALIVYOCHAGUA

Sasa tazameni jinsi watengenezaji wa mashine walivyolikabili jambo hili, mmoja baada ya mwingine.

Kampuni ya Microsoft ilianza na maongezi. Novemba 2002 ilipofungua huduma yake ya kucheza kupitia intaneti kwa mashine ya Xbox, wanachama wapya walipewa kifaa cha sikioni chenye kipaza sauti, cha waya, kilichochomekwa kwenye pedi. Mwaka 2005 ilipokuja Xbox 360, pedi zikaacha waya, lakini kwa redio ya Microsoft yenyewe, si kwa Bluetooth. Njia hiyo ya kutumia redio yao wenyewe waliishikilia hata katika Xbox One ya mwaka 2013 na Xbox Series X na S za mwaka 2020. Hedifoni ya kawaida ya simu haikuwa na pa kuingilia.

Sony ilianza kwa kufungua mlango. PlayStation 3, iliyotoka Novemba 2006, iliikubali Bluetooth, lakini kwa mlango ule wa maongezi, ili wachezaji wasemezane. Ilipofika PlayStation 4 mwaka 2013, hedifoni za kawaida za Bluetooth za muziki zikakataliwa. PlayStation 5, Novemba 2020, nayo ikatoka na msimamo huohuo. Pedi zake zinazungumza na mashine kwa Bluetooth, lakini hedifoni za Bluetooth hazipokei. Badala yake Sony iliuza hedifoni zake zinazokuja na kidude cha USB cha kuchomeka kwenye mashine, na mwaka 2023 ikaleta redio yake mpya iliyoitwa PlayStation Link.

Nintendo ndiyo iliyogeuka njiani. Mashine yake ya Switch ilitoka Machi 2017 bila kukubali hedifoni za Bluetooth, ingawa redio ya Bluetooth ilikuwamo ndani kwa ajili ya pedi. Watu walilalamika miaka minne na zaidi. Septemba 2021, kwa kusasisha programu tu bila kubadilisha kifaa chochote, mlango ukafunguliwa. Lakini ulifunguliwa nusu: kipaza sauti cha hedifoni hakifanyi kazi, na hedifoni zikiwa zimeunganishwa, pedi zisizo na waya zisizidi mbili. Redio ni ileile moja, na wote wanaigombania. Mrithi wake, Switch 2 ya Juni 2025, naye alikuja na mlango wa Bluetooth tangu siku ya kwanza.

Je, makampuni yalifunga mlango kwa sababu ya kuchelewa kwa sauti tu, au pia kwa sababu yalitaka kuuza hedifoni zao? Msomaji apime mwenyewe. Tunachoweza kusema ni kwamba kuchelewa ni kwa kweli, na biashara nayo ni ya kweli, na mambo hayo mawili yamekwenda pamoja kwa miaka mingi bila kugombana.

WAYA ULIOKUWA NDANI YA BOKSI

Turudi nyumbani kwetu. Siku tatu baada ya kukataliwa dukani, binti yetu, ambaye ndiye aliyekuwa na shida kubwa ya ukimya, alilifungua tena boksi la hedifoni kutafuta karatasi ya maelezo. Chini ya kadibodi akakuta waya mfupi mweusi uliokunjwa, wenye pini ya milimita 3.5 kila upande. Hakuna aliyeuona, kwa sababu sote tulikuwa tunatafuta kutokuwa na waya. Akachomeka upande mmoja kwenye hedifoni na mwingine kwenye tundu dogo lililo chini ya pedi. Sebule ikanyamaza.

Na hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo lingetuokoa tangu mwanzo. Pedi za PlayStation 4 na 5, na pedi za Xbox kuanzia zile za mwaka 2015, zina tundu la hedifoni. Pedi hiyo haina waya. Sauti inasafiri kwa redio ya mashine yenyewe kutoka kwenye mashine mpaka mkononi mwa mchezaji, kisha inapanda kwa waya mfupi tu hadi masikioni. Hakuna anayejikwaa, na sauti haichelewi kama ya Bluetooth. Kile tulichokwenda kukinunua kilikuwa tayari mkononi mwa kijana.

Kwa faida ya wasomaji, tunaziorodhesha njia kwa mpangilio wa gharama, kuanzia ya chini:

1. Waya mfupi kutoka kwenye pedi. Hedifoni yoyote yenye pini ya milimita 3.5 inafaa, hata zile za bei ya chini za mtaani. Kwa Switch, tundu liko kwenye mashine yenyewe.

2. Bluetooth ya moja kwa moja, ikiwa mashine inakubali. Kwa Switch, hakikisha programu imesasishwa, kisha fungua mipangilio, tafuta sehemu ya Bluetooth na uzioanishe. Tarajia kuchelewa kidogo.

3. Bluetooth ya televisheni. Televisheni nyingi za kisasa zinaweza kuungana na hedifoni zenyewe, hivyo mashine haihusiki kabisa. Kuchelewa hapa aghlabu ni kukubwa. Kwa gemu za kutafakari, za mafumbo au za kujenga, haina neno. Kwa mpira na mbio za magari inaudhi.

4. Kidude cha USB kinachotuma Bluetooth, huuzwa peke yake. Uliza kwanza kama kinafanya kazi na mashine yako hasa, na uulize duka kama linarudisha pesa. Xbox huvikataa vidude vingi vya aina hii.

5. Hedifoni za gemu zenye kidude chake cha USB. Hizi hazitumii Bluetooth ya kawaida bali redio yao wenyewe, na kuchelewa kwake ni kudogo sana. Lakini kuwa mwangalifu: ya PlayStation haina maana kwamba itafanya kazi kwenye Xbox. Soma boksi, jina la mashine yako liwe limeandikwa.

Neno "zinashika kila kitu" lisitoshe kukufanya utoe pesa mfukoni. Muuzaji wetu pengine hakutudanganya kwa makusudi. Na yeye alikuwa hajui kuwa Bluetooth si moja na kwamba ina milango.

NANI SASA HASIKII?

Ndugu wasomaji, tungeweza kuishia hapo, lakini tungekuwa tumesema nusu ya habari. Juma la kwanza lilikuwa la raha. Binti alisoma, bibi alilala. Juma la pili mama alimwita kijana kula mara tatu, na mara ya tatu alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Hakusikia. Siku nyingine bibi aliangusha bilauri chumbani akaita mtu amsaidie, na aliyekuwa karibu naye zaidi ndiye aliyekuwa mbali zaidi.

Tulikuwa tumehamisha tatizo. Mwanzo wote walisikia wasichotaka kukisikia, na sasa mmoja hakusikia aliyotakiwa kuyasikia.

Pia kuna masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani, pamoja na umoja wa kimataifa wa mawasiliano, mwaka 2019 walitoa kiwango cha usikilizaji salama: kwa mtu mzima, desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto, desibeli 75 kwa saa hizohizo. Na kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama unapungua nusu. Mtu mzima anayesikiliza kwa desibeli 83 ana saa 20, kwa 86 ana saa 10, kwa 89 ana saa 5 tu kwa wiki nzima. Gemu za vita na mpira zina mlipuko na kelele za ghafla, na kijana hazipunguzi, kwa sababu hakuna tena anayemwambia apunguze. Ile kelele iliyomkera bibi ndiyo iliyokuwa ikituonya sisi kuwa sauti imezidi.

Basi tuliweka utaratibu mdogo. Sauti isizidi nusu. Sikio moja linaachwa wazi watu wazima wakiwa wametoka na bibi yuko nyumbani. Ukiitwa kwa sauti ya kawaida kutoka mlangoni na hukusikia, hedifoni zinalala kabatini hadi kesho.

Na jambo la mwisho tulilichukua kwa Bwana Morita. Tulinunua kile kiwaya chenye umbo la Y, cha bei ya soda mbili, ambacho kinaligeuza tundu moja kuwa mawili. Tukakichomeka kwenye pedi. Mitihani ilipokwisha, binti alichukua hedifoni zake za simu, akakaa kwenye mkeka kando ya kaka yake, wakafungwa na waya mmoja, wakagombana kwa kunong'ona kuhusu nani ampasie nani mpira. Bibi hakuamka.